Kompyuta haiwaki, nyumba inawaka

Wiki hii nilipanga kuzungumzia ada za Januari, lakini limetokea jambo nyumbani kwa dada yangu Buguruni ambalo naona haliwezi kusubiri. Limegusa fedha, limegusa mtoto na baba yake, na najua nyumba nyingi zimepitia au zitapitia kitu kama hicho.

Jumapili usiku shemeji alinipigia simu. Hakusalimia. "Shemeji, njoo umwone huyu mpwa wako. Milioni moja na laki tatu imelala chini ya kitambaa, na yeye analala."

Nilifika kesho yake jioni. Kweli, pale kona ya sebule, pembeni ya kabati la vyombo, kulikuwa na kasha jeusi la kompyuta limefunikwa kwa kanga ya mama yake. Kijana aliniamkia bila kunitazama usoni. Dada alikuwa jikoni anasaga mchele wa vitumbua, na mashine yake ya kusagia ndiyo pekee iliyokuwa inaongea ndani ya nyumba ile.

Habari yenyewe ni hii. Mpwa wangu amemaliza chuo mwaka jana, na anajua kuchora kadi za harusi, mabango na fulana. Alikuwa anafanya kazi kwa kompyuta ya rafiki yake, usiku, rafiki akilala. Mama yake akakopa kwenye kikoba shilingi 1,300,000 ili kijana awe na chombo chake. Kijana akaona akinunua vipande Kariakoo na kuunga mwenyewe, atapata mashine yenye nguvu kuliko ile iliyotumika tayari ambayo angeuziwa nzima kwa fedha hizo. Wazo halikuwa baya. Vijana wengi wanafanya hivyo, na wanafanikiwa.

Akanunua mazabodi, prosesa, vijiti viwili vya RAM, diski ya SSD, pawa saplai, kasha na monita. Akaunga usiku mmoja akifuata video za intaneti. Alfajiri akabonyeza swichi. Feni zikazunguka, taa zikawaka, kioo kikabaki cheusi. Akazima, akawasha. Cheusi. Akarudia mpaka adhana.

Hapo ndipo kosa la kwanza lilipotokea, nalo halikuwa la ufundi. Kijana hakusema. Aliifunika kanga akamwambia mama yake kuwa anasubiri "programu". Siku ya nne akaenda kwa fundi mmoja wa mtaani, ambaye hakufungua hata kasha, akasema pawa saplai ni mbovu. Kijana akanunua nyingine kwa shilingi 95,000, fedha aliyopewa kama malipo ya awali ya kadi za harusi ya jirani. Kioo kikabaki cheusi vilevile. Siku ya kumi jirani akaja kuulizia kadi zake, na baba mtu akajua yote kwa mara moja.

Shemeji akasema mtoto amelishwa feki Kariakoo. Halafu akasema mtoto mwenyewe ameiharibu. Halafu akasema fedha huenda hazikwenda Kariakoo kabisa. Hilo la tatu ndilo lililomuumiza kijana, na ndilo lililomfanya dada anyamaze.

Nataka tumwelewe na shemeji pia. Sisi tuliosoma miaka ya 80 hatukukua na kompyuta. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali maalumu, na marufuku hiyo ilidumu miaka mingi. Wengi wetu tuliigusa ya kwanza tukiwa watu wazima, ofisini, tukiambiwa tusibonyeze ovyo. Kwetu sisi kompyuta ni kitu kimoja kikubwa: ama nzima, ama imekufa. Ndiyo maana mtaani tunaliita kasha zima "CPU", wakati CPU ni prosesa tu, kile kipande kidogo cha ndani. Mtu akisema "CPU imekufa", hakuna ajuaye amemaanisha nini. Na asiyejua kilichokufa atanunua chochote atakachoambiwa.

Mimi si fundi. Lakini ofisini kwetu kuna fundi mtu mzima aliyetengeneza mashine zetu kwa miaka mingi. Nilimwomba, akaja Jumanne baada ya kazi na mfuko wake wa bisibisi. Yaliyofuata nimeyaandika hapa kwa utaratibu, maana naamini yatamwokolea mtu fedha.

Kwanza hakugusa kitu. Alimwuliza kijana, "Ukibonyeza swichi, unaona nini na unasikia nini? Niambie kila kitu, hata kile unachoona hakina maana." Kijana akaeleza kwa dakika tano bila kukatizwa. Sidhani kama kuna mtu alikuwa amemsikiliza hivyo kwa wiki mbili.

Fundi akatuambia kwamba kompyuta mpya isiyowaka ina ukimya wa aina tatu, na kila mmoja una mlango wake.

Ukimya wa kwanza ni pale unapobonyeza na hakuna kitu kabisa. Hakuna feni, hakuna taa. Hapo anza na umeme kabla hujalaumu mtu. Je, soketi ya ukutani ina umeme? Chomeka taa ya mezani uone. Je, swichi ndogo iliyoko nyuma ya pawa saplai imewashwa? Watu wameibeba kompyuta mpaka kwa fundi kwa sababu ya swichi hiyo. Pawa saplai nyingine za bei nafuu zina kidude chekundu cha kuchagua volti 115 au 230. Hapa kwetu umeme ni volti 230, basi kisome kabla hujachomeka. Kikiwa 115 na ukaiunga kwenye umeme wetu, utasikia mlipuko. Kisha angalia nyaya mbili za umeme zinazoingia kwenye mazabodi: ule mpana wenye pini 24, na ule mdogo wenye pini 4 au 8 unaoingia jirani na prosesa. Huu mdogo husahaulika sana, na ukiusahau mashine inaweza kukaa kimya, au feni zikazunguka na kazi isianze. Mwisho, nyaya nyembamba za swichi ya mbele ya kasha huenda zimechomekwa pini zisizo zake. Kitabu cha mazabodi kina mchoro wake. Fundi anaweza kuzigusisha pini mbili za swichi kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde moja. Mashine ikiwaka, ujue tatizo ni swichi au waya wake.

Ukimya wa pili ni huu wa mpwa wangu: inawaka, lakini hakuna picha. Nitaurudia hivi punde.

Ukimya wa tatu ni pale picha inapotoka, maandishi yanaonekana, lakini mashine inasema haioni diski ya kuanzia. Wengi hudhani imekufa. Haijafa. SSD mpya huja tupu, kama daftari jipya. Inabidi uweke Windows au Linux kwa kutumia flashi iliyoandaliwa kwenye kompyuta nyingine. Kama mashine haioni hata diski yenyewe, angalia kama imekaa vizuri.

Turudi Buguruni. Fundi alichomoa waya wa umeme ukutani. Akashika chuma kitupu cha kasha kwa mkono ili umeme tuli wa mwilini uondoke, akamwambia kijana afanye hivyo kila mara kabla ya kugusa vipande. Halafu akafanya kitu kilichomshtua shemeji: akaanza kuvua alichokiunga kijana.

"Fundi, unabomoa?" shemeji akauliza.

"Hapana mzee, napunguza. Vitu vikiwa kumi huwezi kujua mkosaji. Vikiwa vinne, ataonekana."

Akaacha mazabodi, prosesa na feni yake, kijiti kimoja cha RAM, na pawa saplai. SSD akaitoa, feni za mapambo akazichomoa. Akachungulia chini ya mazabodi kama kuna kijiguu cha skrubu kilichokaa mahali pasipo na tundu, maana kijiguu cha namna hiyo kikigusa mgongo wa bodi hufanya shoti. Hakikuwepo. Kijiti cha RAM akakitoa na kukirudisha kwenye nafasi iliyoelekezwa na kitabu, akikibonyeza mpaka kikalia "ta!" Alisema hapo ndipo wengi wanapokosea: wanaogopa kuvunja, wanabonyeza kwa huruma, RAM inabaki nusu ndani nusu nje. Na ukibeba kasha kwenye bodaboda kutoka Kariakoo, hata kilichokaa vizuri kinaweza kulegea.

Akawasha. Feni zikazunguka. Kioo cheusi. Akabadilisha kijiti kwa kile kingine. Cheusi. Akatoa ile betri ndogo ya duara ya volti 3 iliyoko kwenye mazabodi, akasubiri dakika kadhaa, akairudisha, ili mipangilio ya mwanzo irudi. Cheusi. Nilimwona shemeji akitikisa kichwa. Lakini fundi hakuwa amekata tamaa, alikuwa anafuta majina kwenye orodha.

Ndipo akazima taa ya sebule. "Njooni mwangalie," akasema. Pembeni mwa mazabodi kulikuwa na vitaa vinne vidogo kama punje za mtama, kila kimoja na maandishi yake: CPU, DRAM, VGA, BOOT. Mashine ilipowashwa, cha kwanza kiliwaka kikazima. Cha pili kikawaka kikazima. Cha tatu, VGA, kikawaka na kubaki.

"Prosesa imekaguliwa, imepita. RAM imekaguliwa, imepita. Imekwama kwenye picha," akasema. "Mdogo wangu, prosesa yako ni ipi?"

Kijana akaleta boksi. AMD Ryzen 5 5600.

Fundi akacheka kidogo, si kwa dharau. Akaeleza kwamba picha inayotokea kwenye kioo lazima itengenezwe na kitu. Prosesa nyingine zina uwezo huo ndani yake, nyingine hazina na zinahitaji kadi ya picha ya pembeni. Katika prosesa hizi za AMD za mfululizo wa 5000 za kompyuta za mezani, yenye herufi G mwishoni, kama 5600G, ina picha ndani. Isiyo na G haina. Kwa Intel, herufi F mwishoni, kama i5-10400F, ina maana haina picha ndani. Mpwa wangu alikuwa amechomeka waya wa HDMI kwenye mazabodi, mahali penye tundu sahihi kabisa, lakini nyuma ya tundu lile hapakuwa na wa kutengeneza picha. Ni sawa na kufungua bomba wakati tenki halina maji.

Hakuna kilichoharibika. Hakuna feki. Pawa saplai ya kwanza ilikuwa nzima muda wote.

Kijana akakaa chini sakafuni. Shemeji akauliza mara mbili, "Yaani nzima? Haijafa?" Dada akatoka jikoni na mikono yenye unga, akasimama mlangoni.

Siku ya pili tulikwenda Kariakoo watatu: mimi, shemeji na kijana. Njiani nilimwomba shemeji ajitahidi asianze kwa sauti. Tulishuka Msimbazi, tukajipenyeza katikati ya mikokoteni na wapagazi mpaka dukani. Ukutani kuna kibao mnachokijua wote: mali ikishauzwa hairudishwi. Muuzaji, kijana mwenye heshima zake, akasema, "Mzee wangu, prosesa si mbovu. Nikuchukulie vipi kitu kizima kilichofunguliwa?"

Na kwa upande wake alikuwa na hoja. Lakini kijana wetu alikuwa na vitu viwili. Cha kwanza, risiti ya EFD. Cha pili, ujumbe wa WhatsApp aliomtumia muuzaji kabla ya kununua: anataka mashine ya kazi za michoro, na hana kadi ya picha. Muuzaji alijibu, "Hii itakufaa."

Msomaji, hapa naomba utulie. Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inatambua kwamba mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayoitakia bidhaa, na akautegemea ujuzi wa muuzaji, basi bidhaa inapaswa iifae kazi hiyo. Kibao cha ukutani peke yake si mwisho wa maneno. Na ukiona umeonewa, kuna Tume ya Ushindani ya kupeleka malalamiko. Lakini hatukuhitaji kufika huko. Shemeji aliweka simu juu ya meza, taratibu, akasema, "Mwanangu, soma ulichomwandikia mwenzako." Muuzaji akasoma. Akaenda nyuma, akaongea na mwenye duka. Wakakubali kubadilisha 5600 kwa 5600G, nasi tukaongeza shilingi 40,000. Ile pawa saplai ya ziada ilinunuliwa duka jingine bila risiti. Hiyo imekula kwetu.

Kabla ya kuondoka fundi alikuwa amenituma niulize jambo moja: je, mazabodi yenyewe inaitambua prosesa hiyo mpya? Mazabodi hubeba programu yake ndogo iitwayo BIOS. Bodi iliyotengenezwa kabla prosesa haijatoka inaweza isiijue mpaka isasishwe. Bodi za aina ya B450, kwa mfano, zilianza kuuzwa mwaka 2018, na prosesa za kwanza za mfululizo wa 5000 zikatoka mwishoni mwa 2020. Bodi iliyokaa rafuni tangu mwanzo huwa haizijui. Muuzaji akaiangalia hapohapo, akasema iko sawa. Ukinunua vipande viwili duka moja, omba waviunge mbele yako mpaka uone picha. Ni dakika 20 tu, na hakuna wakati mwingine ambapo muuzaji atakuwa na moyo mweupe kama kabla hujalipa.

Usiku ule saa tatu kijana alibonyeza swichi. Safari hii kioo kikaleta maandishi. Mama yake alipiga kigelegele kimoja kifupi, akajiziba mdomo kwa sababu ya majirani.

Sasa, hesabu. Pawa saplai 95,000. Nyongeza 40,000. Wiki mbili za rejesho la kikoba, ambazo dada alilipa kwa vitumbua vyake. Na kadi za jirani zilichapwa kwingine, kwa hiyo malipo ya awali yanadaiwa. Katika hasara yote hiyo, sehemu kubwa haikuletwa na prosesa. Ililetwa na siku kumi za kuficha, na kubahatisha kununua kabla ya kupima. Waswahili walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

Vijana mnaounga mashine, nawaomba haya. Andika kazi unayoitaka na umwonyeshe muuzaji, uhifadhi jibu lake. Dai risiti kwa kila kipande. Ikigoma, punguza vipande, jaribu kimoja kimoja, na kila jaribio uliandike. Kama ni mashine ya RAM mpya za DDR5, kumbuka kuwa mara ya kwanza inaweza kukaa dakika kadhaa bila picha ikijipanga; usiizime kwa pupa. Pawa saplai usiifungue kamwe, ndani yake umeme hubaki hata ikiwa imechomolewa. Usinunue kipande kingine mpaka ujue kwa nini unakinunua. Na siku hiyohiyo ya kwanza, mwambie mzazi: "Imegoma, naitafuta sababu."

Wazazi, nasi tuwape nafasi ya kusema sentensi hiyo. Mpwa wangu aliniambia kitu tulipokuwa tunarudi, baba yake akiwa ametangulia mbele. "Mjomba, niliogopa nikisema, angeona bora angempa mama mtaji wa unga." Mtoto alishajihukumu kabla ya baba yake.

Shemeji hajaomba radhi kwa maneno, na kwa jinsi ninavyomjua sitarajii. Lakini Alhamisi nilipopita, nilikuta amenunua kifaa cha kulinda kompyuta umeme unapopanda na kushuka, amekifunga ukutani mwenyewe. Na amekaa kwenye kiti nyuma ya mwanawe, miwani puani, anauliza, "Hii VGA ni nini tena? Nieleze taratibu." Kijana anaeleza. Kadi ya kwanza iliyotoka kwenye mashine ile ni ya harusi ya binti wa jirani mwingine, na fedha yake imekwenda moja kwa moja kwenye kikoba.

Zile ada za Januari tutazizungumza wiki ijayo, Mungu akipenda. Mpaka hapo, kama kuna kitu kimefunikwa kanga nyumbani kwako, kifunue leo mkiwa wote.